Kijitabu cha Buluu

Miaka ile watu wa kanisani kwetu Birmingham waliniita Kapteni, ingawa sijawahi kushika usukani wa chombo chochote. Nilikuwa nikitunza wazee katika nyumba moja karibu na Selly Oak, nikipanga chumba Longbridge, na kila nilipopata likizo nilipanda meli ya watalii. Wakenya wenzangu walirudi nyumbani Desemba. Mimi nyumbani nilipakumbuka mno kiasi cha kuogopa kupaona. Mama alikuwa ameshafariki, shamba lilikuwa limegawanywa, na Birmingham niliipenda kama mtu anavyokipenda kituo cha treni: kuna joto, kuna chai, lakini macho yako kwenye ubao wa saa.

Kufikia safari yangu ya tisa nilikuwa na mengi ya kuwafundisha watu. Chukua chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, maana huko mawimbi hayakutikisi sana. Dawa zako na nguo ya kubadilisha zitie kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu sanduku laweza kukufikia jioni. Saa yako ifuate saa ya meli, si ya mji. Ukishuka bandarini, rudi saa nzima kabla ya wakati. Niliwahi kusimama juu nikiwatazama mume na mke wakikimbia gatini na mifuko ya zawadi huku meli ikijitenga na ukuta. Abiria walicheka na kupiga picha. Wale wawili waliacha kukimbia, wakabaki wamesimama tu, na sijasahau namna walivyosimama.

Jambo nililolisema kuliko yote lilikuwa hili: "Habari za pasipoti sahau. Ukipanda, meli inaichukua, wewe unapewa kadi. Ukifika bandarini unaonyesha kadi, unatoka kama mtu anayetoka dukani."

Nililisema tena jikoni kwa mama mmoja wa Kivu, aliyeishi Hodge Hill na watoto wake watatu. Alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya, na mchana alipakia mboga katika ghala. Alikuwa na mdogo wake wa kiume ambaye hawakuwa wameonana kwa miaka tisa, tangu walipopotezana wakikimbia vita. Kijana huyo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima, alifika mwenyewe hadi mji mmoja wa bandari kaskazini mwa Afrika. Huko alibeba mawe na saruji kwenye majengo, bila karatasi yoyote. Mara mbili dada yake alijaribu kumwombea ruhusa ya kuja Uingereza, mara mbili akakataliwa.

Jioni hiyo aliweka kidole kwenye ramani ya kabrasha langu la safari.

"Papa Kapteni, hii bato inafikaka hapa?"

"Meli inafika saa mbili asubuhi, inaondoka saa kumi na moja jioni."

"Na banaachaka batu bashuke?"

"Wote. Kadi tu, mama."

Binti yake mkubwa, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi na kitabu cha shule, alisema kwa Kiingereza kwamba kitabu cha mama si pasipoti.

"Wewe nyamaza," mama yake akamwambia. "Bato umepanda ngapi?"

Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Nikamwandikia safari na mimi nikajiandikia ileile, ili asiwe peke yake. Siku kumi na nane kabla ya kuondoka nilikwenda katikati ya mji kwa wakala kuchukua tiketi zetu. Msichana wa wakala aliniomba hati zote mbili. Nikampa pasipoti yangu nyekundu ya Uingereza na kijitabu cha buluu cha yule mama, kile wanachopewa wakimbizi. Yangu aliifunga mara moja. Cha buluu alikifungua ukurasa baada ya ukurasa, akaanza kusoma kwa midomo.

"Huyu ana viza ya huko?"

Nikamwambia hatuhitaji viza, tunashuka kwa kadi.

"Wewe huhitaji," akasema. "Yeye anahitaji. Na ubalozi wao unachukua wiki sita." Alinitazama kwa upole, jambo lililonitisha zaidi. "Si bora umwambie leo?"

Nilipanda basi moja kwa moja hadi Hodge Hill nikiwa nimeshayapanga maneno. Nilipogonga, mlango ulifunguliwa na mwanamke mwingine, na nyumba ilikuwa imejaa. Wamama wa kanisa walikuwa wanakaanga mandazi, wanakunja vitenge, wanafunga vifurushi vya kijana: soksi, sabuni, samaki wakavu, Biblia mpya. Yule mama alikuwa sebuleni na simu ameiweka kwenye spika, na sauti ya mdogo wake ilijaza chumba.

"Yaya," alimwita hivyo dada yake mkubwa, "kazi nimeacha jana. Patron alikataa kunipa ruhusa, nikamwambia kaa na kazi yako."

"Sasa utakula nini?"

"Nitakula vyako ukifika."

Wamama wakapiga vigelegele. Mmoja akanivuta mkono, "Kapteni naye amefika, mpeni kiti." Nilikaa. Nilipewa chai na mandazi, na kijitabu kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, kikinibana mbavu kila nilipoinama. Nilimrudishia nikiwa mlangoni.

"Kila kitu kiko sawa?" akauliza.

"Kiko sawa, mama."

Nilijiambia nitampigia simu kesho. Kesho ikawa Jumamosi, nikasema siwezi kuyasema haya kwenye simu. Jumapili mchungaji alimwita mbele atoe shukrani ya safari. Kwetu shukrani hutolewa kabla, kuonyesha imani, na ikishatolewa hakuna anayethubutu kuuliza swali, maana swali lenyewe linahesabiwa kuwa shaka. Yule mama alishukuru kwamba atamkumbatia ndugu yake. Alimshukuru Mungu, kisha akanishukuru mimi, na watu wote wakageuka kuniangalia. Nikasimama nusu, nikainamisha kichwa, nikakaa. Mkenya mwenzangu aliyekuwa nyuma yangu, nesi mwenye mdomo, alinong'ona, "Kapteni, naona unatoa jasho na heater imezimwa."

Baada ya hapo sikuwa na siku ya kumwambia. Zilipita zote kumi na tano. Nilikuwa nikienda kazini, nikiwaosha wazee, nikirudi na treni Longbridge, nikipita lango la kiwanda cha magari kilichofungwa, na kila jioni nilijipa matumaini. Nimewahi kuona maofisa wa bandari wakiruhusu watu kwa kupunga mkono tu. Huenda wakawa na huruma. Huenda mvua ikawa inanyesha na hakuna atakayetaka kukagua. Mtu aliyesafiri sana anakuwa na visa vingi, na kwenye visa vingi hakosi kimoja cha kumdanganya.

Pale Southampton mkaguzi alikishika kijitabu cha buluu kwa muda mrefu, akamwita mkubwa wake. Wakaleta fomu. Iliandikwa kwamba abiria huyu hatashuka kwenye bandari ya nchi yoyote asiyokuwa na viza yake. Yule mama alinitazama.

"Ni nini, Papa?"

"Utaratibu tu," nikasema. "Weka sahihi hapa."

Aliweka sahihi kwa herufi kubwa, polepole, kama alivyofundishwa katika darasa la Kiingereza.

Siku tatu tulikuwa baharini. Yeye alifurahia kila kitu: taulo zilizokunjwa kama ndege, vyakula visivyokwisha, wazee wa Kiingereza waliocheza dansi mchana. Mimi sikula vizuri. Alidhani ni mawimbi, akaniletea tangawizi.

Asubuhi ya bandari alivaa kitenge kipya. Tulipofika kwenye daraja la kushukia, mlinzi alipitisha kadi yangu, mashine ikalia kama kawaida. Alipopitisha ya kwake, taa nyekundu ikawaka. Ofisa wa uhamiaji wa nchi ile, aliyekuwa ameketi kwenye meza ndogo, akatikisa kichwa kabla hata ya kuulizwa. Nilibishana kwa saa moja na nusu. Nilisema ni mgonjwa, nikasema ni dakika kumi tu, nikasema ndugu yake yuko getini. Mwishowe yule mama alinipa mfuko wa vifurushi. "Wende wewe," akasema. "Anavaa koti ya kijani."

Nilimkuta nje ya geti, mwembamba, amesimama mbali kidogo na walinzi. Alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Yaya iko wapi?"

Nikamweleza. Nikamweleza pia kwamba nilijua tangu Birmingham. Sijui kwa nini niliweza kumwambia yeye, ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Alisikiliza huku akiangalia gari la polisi lililoegeshwa upande wa pili. "Ile imepita mara mbili," akasema. Kisha akachukua simu yangu, akampigia dada yake. Waliongea kidogo sana. Zaidi walisikilizana wakihema.

"Ananiambia nisimame pale kwenye mawe," akaniambia akinirudishia simu. "Kutoka juu ataniona."

Mawe yale yalikuwa peupe, mbele ya geti, mbele ya kila mtu. Nikamwambia asiende. Nilimpa ushauri wangu wote, nikamwambia asubiri gari liondoke, nikamwambia walinzi wa bandari hawapendi mtu asimame pale.

"Wewe njo ule Kapteni?" akauliza, bila ukali. "Acha."

Akaenda. Alipanda juu ya mawe, akavua koti, akalipunga. Kule mbali, ghorofa ya juu ya meli, kitu cha rangi kilipungwa pia. Dakika tatu, labda nne. Nililisikia gari likiwashwa kabla sijaliona likisogea. Polisi wakamwomba karatasi, naye akawaonyesha mikono mitupu, kisha akaelekeza kidole kwenye meli, akiwaeleza. Wakamwingiza nyuma. Mfuko wa vifurushi ulikuwa bado mkononi mwangu.

Nilirudi saa nzima kabla ya wakati. Yule mama alikuwa ukingoni ghorofa ya juu, mahali palepale alipokuwa akipunga. Aliona yote.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka siku ya mandazi."

Nilingoja anitukane, na ningeona ni nafuu. Badala yake alielekeza kidole kwenye simu yangu, maana ya kwake haikuwa na salio la huko, na nambari aliyotaka ilikuwa ya simu ya mdogo wake. "Piga," akasema.

Nikapiga. Iliita mpaka ikakatika. Akasema nipige tena. Meli ilipiga honi, kamba zikavutwa, abiria wakajaa ukingoni na kamera zao. Nikapiga tena, simu ikaita, na yeye alikuwa ameegemeza sikio karibu na mkono wangu ili naye asikie inavyoita. Tuliendelea hivyo huku mji ukirudi nyuma, mpaka simu ikaandika kwamba hakuna mtandao. Hata hapo hakuondoka. "Piga," akasema, nami nikabonyeza.