Uko Peke Yako?

Miaka ya emajensi, wakoloni wakiwasaka Mau Mau, Syombua aliuza dawa za miti kando ya mboga zangu, soko la Thika. Mama mkali huyo! Ukitaka majani ya sanamaki ya kufungua tumbo, atakuhoji kama karani wa korti. Unatapika? Tumbo linakata? Umeona damu? Jibu likimtia wasiwasi hakuuzii, anakutuma hospitali. "Na ukipata, unywe kidogo, mara mojamoja," alizoea kusema. "Hii si chai."

Swali la mwisho aliliuliza kwa sauti ya chini, maana mimba haitajwi mbele za watu: "Uko peke yako?" Sisi wanawake wa hapo tulijua anauliza nini.

Nelima hakujua. Alikuwa mgeni kutoka upande wa Bungoma, mchuma kahawa kwenye shamba moja njia ya Ruiru. "Mama, tumbo yangu imefunga," akasema. Alijibu yote vizuri. Alipoulizwa kama yuko peke yake, aligeuka akatazama nyuma, kisha akasema, "Ndiyo, Mama." Akapewa majani, akapita kwa jirani yetu kununua udongo wa kula, akaenda zake akitafuna.

Mimi nikacheka. "Mteja wako anapenda udongo! Huyo mtoto atazaliwa amepigwa lipu."

"Mtoto gani?" Syombua akauliza.

Tukatazamana. Ngai! Tuliacha bidhaa hapohapo tukatoka mbio, na siku hizo kukimbia barabarani ni kujitafutia taabu na askari. Syombua alikuwa mnene, anahema, anasema njiani, "Nimemuua mtoto wa watu. Mama Githinji, nimemuua."

Kwa kuulizauliza kwa wachuma kahawa, tulimkuta mlangoni kwake, kikombe mkononi, anapuliza kipoe.

"Weka chini!" Syombua akafoka. "Una mimba?"

Nelima akaangalia huku na huku. "Usiseme kwa nguvu, Mama. Zile mbili za kwanza nilisema, zikatoka. Hii hata bwana yangu sijamwambia."

Syombua akamwaga dawa, akaketi chini palepale, akalia. Alipopata sauti alimwambia huo udongo ndio uliofunga tumbo, auache. Anywe maji mengi, ale papai na mboga, na tumbo likikataa aende kwa mkunga wa hospitali. Asinywe jani la mtu yeyote bila kumwuliza mkunga, hata la Syombua mwenyewe.

Tangu hapo kila mchuma kahawa aliyepita sokoni alisimamishwa aulizwe habari za Nelima. Wengine walisema yuko, wengine hawamjui. Mvua zikaja zikaisha. Syombua alikonda.

Asubuhi moja Nelima akasimama mbele yetu, amejifunga leso. Syombua aliinamisha macho kwenye majani yake. Nelima akageuka polepole. Mgongoni palikuwa na kichwa kidogo, kimelala.

"Mama, lile swali lako," akasema. "Niulize tena."