Nyundo na Kamba ya Mjukuu

Kwenye kile kilima ambako watu hupeleka watoto Jumapili wakakimbie, wateleze nyasini na kurusha tiara, kuna jabali upande wa juu, na chini ya jabali husimama mzee mmoja anayeitwa Nyundo. Kazi yake ni kushika kamba. Mtoto anafungwa mkanda. Kamba inatoka kiunoni mwake, inapanda hadi kwenye pete ya chuma kileleni, kisha inashuka mpaka mikononi mwa Nyundo. Mtoto akipanda, Nyundo anavuta. Mtoto akifika, Nyundo anamshusha kidogo kidogo. Sheria ni moja tu: kama aliyepanda hajagusa ardhi, mikono haitoki kwenye kamba.

Jina hilo hakulipata kwa useremala. Ujanani alikuwa baunsa mlangoni pa ukumbi wa dansi, na tusimpambe, alipenda kupiga. Alimvunja mtu pua kwa sababu ya kukanyagwa kiatu. Alimng'oa dereva wa teksi meno mawili kwa kupiga honi. Siku aliyomvunja shemeji yake taya, tena mezani, kisa kiti, mkewe alifunga virago. Binti yao wa pekee alikuwa amejificha chini ya meza hiyohiyo, na damu ya mjomba wake ilimdondokea kwenye gauni.

Binti huyo sasa ni mama wa mtoto wa kike wa miaka sita, na alimwekea baba yake sharti.

"Baba, siku nikisikia umemnyooshea mtu mkono, huyu mtoto hutamwona tena. Sikutishi. Nakwambia tu ujue."

Hata kwa sharti hilo, hakuwahi kuwaacha peke yao. Babu akicheza na mjukuu sebuleni, mama mtu kasimama mlangoni amekunja mikono. Nyundo aliumia, akameza. Alijua ameyatafuta mwenyewe.

Kwa hiyo kilimani hakuna aliyewahi kuiona ngumi yake. Waliisikia tu, na rafiki yake muuza aiskrimu alihakikisha wanaisikia vizuri. Leo alisema Nyundo aliwalaza watu watatu, kesho wakawa saba, wiki iliyofuata akaongeza na farasi. Wauza soda, wapiga picha, hata walinzi wa getini waliingoja siku ya kuiona kwa hamu kama watu wanaongoja mechi.

Jumapili moja binti alimleta mjukuu jabalini kwa mara ya kwanza. Asubuhi hiyo, kabla hawajafika, Nyundo alikuwa amemkatalia bwana mmoja kupanda. Bwana huyo alikuja na mke na watoto, ana fimbo nene ya kutembelea kilimani, na mdomo wake ulinuka pombe.

"Kaka, leo hapana. Njoo siku ukiwa sawa," Nyundo alimwambia kwa upole.

Muuza aiskrimu akacheka. Watoto wa yule bwana nao wakacheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mjukuu alipanda kama kenge. Alipita tumbo la jabali, akapotea machoni pa watu wa chini, na Nyundo akawa anamjua kwa uzito wa kamba tu. Binti alikuwa ameketi kwenye mkeka mbali kidogo, anamimina chai. Ndipo fimbo ilipotua kwenye sikio la Nyundo.

Aliona nyota mchana. Pigo la pili lilimpasua nyusi, damu ikamjaa jicho. La tatu lilimpata mdomoni, na jino likamwangukia kwenye ulimi.

"Unaniaibisha mbele ya wanangu? Wewe? Mshika kamba?"

Mpiga picha mmoja aliinuka aje kuamua. Muuza aiskrimu akamvuta shati. "Mwache! Usimguse! Huyo kajipalia makaa, mtaona sasa hivi!" Watu wakarudi nyuma kumpisha Nyundo nafasi ya kupigia. Wengine walianza kushangilia. Hakuna hata mmoja aliyeitazama mikono yake.

Na Nyundo, wallahi, alitaka. Ile raha ya zamani ilimpanda kutoka tumboni mpaka kwenye vifundo vya vidole. Shingo ya yule bwana ilikuwa wazi kabisa. Pigo moja lingetosha.

"Babu, nimefika!" sauti ikaita kutoka juu. "Nishushe!"

Fimbo ikamshukia kwenye vidole. Kimoja kilivunjika, akasikia kilivyolia. Akatema jino na damu.

"Kaa kama umekaa kwenye kiti, mama," aliita, kama anavyowaambia watoto wote. "Babu anakushusha."

Akaanza kuiachia kamba, kipande kwa kipande, huku anapigwa mbavu. Kwa jicho moja lililobaki alimwona binti yake anakuja mbio, na uso ule aliujua. Ulikuwa wa yule mtoto wa chini ya meza. Anakuja kumchukua mtoto aondoke naye, akawaza, na uchungu wa wazo hilo ulizidi wa kidole.

Binti alifika, akainua macho, akaiona kamba. Akaifuata mpaka juu, akaifuata mpaka kwenye vidole vya baba yake. Kisha chupa ya chai aliyokuwa nayo mkononi, ile kubwa ya chuma, aliizungusha kwa nguvu zake zote ikampata yule bwana taya. Yule bwana akaenda chini kama gunia. Binti akamwongeza nyingine ya mbavu, na ya tatu, mpaka walinzi wakaja mbio, wakamshika yeye, kwa makosa.

Miguu ya mjukuu iligusa ardhi.

Nyundo hakuiachia kamba. "Mwondoeni huyo bwana kwanza," alisema. "Nikiachia, namuua."

Walinzi walimwachia binti, wakamkokota yule bwana mpaka getini. Ndipo binti alipopiga magoti, akavibandua vidole vya baba yake kutoka kwenye kamba, kimoja kimoja. Muuza aiskrimu alisimama pembeni, kitambaa chenye barafu mkononi.

"Umempiga mtu," Nyundo alisema kwa mdomo uliovimba.

"Nimempiga."

"Sasa huyu mtoto akae na nani?"

Binti alicheka, kicheko kikamgeuka kilio palepale. Alijifuta kwa kanga, akautazama uso wa baba yake uliochanika, akauchukua mkono wa mwanawe na kuuweka ndani ya mkono wa babu, ule usiovunjika.

"Mshike. Naenda kutafuta maji," alisema, akashuka kilima bila kugeuka nyuma.