Picha Isiyotundikwa

Chuoni nilisoma kwamba katika siku za mwanzo za upigaji picha kuna waliojaribu hata maji yaliyokamuliwa kwenye maua: walipaka karatasi, wakaianika, jua likachora. Sikuamini. Niliporudi nyumbani Nyanga nilichanganya manjano ya unga na spiriti, nikapaka karatasi mbili, nikazikausha gizani. Moja niliiacha kabatini ili nilinganishe. Nyingine niliiwekea jani la mbuni, nikaifunika kwa kioo na kuianika uani. Kufikia alasiri ilikuwa imepauka yote, isipokuwa pale lilipokaa jani.

Bibi yangu, anayeishi karibu na Rubya, hakuuliza imetengenezwaje nilipompelekea. Aliuliza kama jani lile linaweza kuwa mtu. Picha pekee ya babu ililiwa na mchwa, naye kati ya siku zao zote alitaka kuiona tena moja tu: ile babu alipompakia kwenye baiskeli kutoka hospitali, yeye Bibi akiwa amempakata mama yangu mchanga.

Nilikata maumbo ya katoni, nikatengeneza picha tatu: mlango wa hospitali, kilima, kibanja chao cha migomba. Bibi alisimamia.

"Mfanye mfupi."

"Mfupi kiasi gani, Bibi?"

"Miguu ikifika kwenye pedali, umekosea."

Zilipokamilika, nilikuta ameshapigilia misumari mitatu sebuleni. Ikabidi niseme ukweli: mwanga uliochora ndio utakaofuta. Wiki chache ukutani, basi. Sikuwa na dawa ya kuzuia.

Alinigeukia. "Kwa hiyo umenitengenezea nimzike mara ya pili?"

Nilijitetea kwamba nitazipiga kwa simu.

"Kwenye simu yako wamejaa watu. Yeye atakaa wapi?"

Kabla sijajibu, jirani yake alipiga hodi. Bibi aliingia chumbani kuleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, maana kwake hakuna mgeni anayekaa bila kupewa. Alichelewa kidogo. Alipotoka alikuwa na kikapu mkono mmoja, picha zangu, nilizokuwa nimezihifadhi mle gizani, mkono wa pili.

Jirani alitia buni mbili mdomoni, akainama kutazama.

"Waitu, mwenzangu, ni yeye! Lakini mjukuu wako amemkata miguu."

"Hajamkata. Alikuja hivyohivyo."

Walicheka mpaka jirani akapaliwa. Kikapu kiliporudi chumbani, picha nazo zilirudi, ndani ya sanduku la nguo.

Nilipinga, kama kawaida yangu. Kila mgeni ni dakika kadhaa za mwanga, nikamwambia, na dakika hujumlika.

"Wageni wangu si wengi hivyo," alisema.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi Rubya. Kipande cha karatasi ileile ya manjano, nilichokuwa nimekiacha dirishani kwa Bibi kwa majaribio, kilikuwa cheupe kabisa. Nikaomba kumwona babu.

"Kaa kwanza," Bibi alisema, akininyooshea kikapu.

Nilichukua buni mbili, nikatafuna. Ndipo akafungua sanduku. Rangi ilikuwa imefifia kidogo sana, na miguu bado haikufika kwenye pedali.