Bolti Niliyoiponda Kitale

Saa mbili kasorobo asubuhi, siku ya Jumatatu, nilikabidhiwa spana yangu ya kwanza katika karakana ya baiskeli mjini Kitale. Fundi Mkuu hakunionyesha pa kuketi. Alinionyesha nati iliyoganda kwa kutu, akasema, "Usiifungue. Iangalie kwanza."

Niliiangalia hadi saa nne, nikiamini ananidharau. Baadaye ndipo aliponifundisha. Nati iliyoganda husafishwa kwa brashi ya waya, hutiwa dizeli, kisha huachwa. Ukirudi, unaikaza kidogo kabla ya kuilegeza, ili kutu ivunjike. Spana lazima iwe ya saizi yake kamili. Ikicheza hata kidogo italamba pembe za nati, na nati ikishakuwa duara hakuna spana itakayoishika tena. Haya nimeyaeleza miaka yangu yote ya kazi, na bado watu waliniletea nati duara, kila mmoja akisema alikuwa anajaribu tu.

Mwaka wangu wa pili, Fundi Mkuu alikwenda Moi's Bridge kwa matanga, akakaa wiki nzima. Wakati huo wezi wa viti vya baiskeli walikuwa wametuzidi sokoni. Nikabuni dawa. Baada ya kukaza bolti ya kiti, niliiponda ncha yake kwa panchi, kile chuma kidogo chenye ncha kali, mapigo matatu yaliyokaa kama mafiga. Ncha ikatanuka, nati isiweze kutoka. Nilitoza shilingi ishirini, na wateja wakapanga foleni.

Fundi Mkuu aliporudi alipapasa bolti moja kwa kidole gumba.

"Siku moja mwenyewe atataka kufungua. Utakuwa wapi?"

"Nitakuwa hapa, bwana fundi."

"Wewe? Na vile unapenda kutangatanga?"

Alisema kweli. Nilihamia Kachibora, nikatengeneza baiskeli za siku za soko, kisha nikaajiriwa Bungoma. Huko nilipanda hadi kuwa Msimamizi wa Karakana, cheo ambacho maana yake ni kulaumiwa kwa makosa ya watu wanane.

Asubuhi moja akaingia mama mfupi kutoka Bokoli, akisukuma baiskeli kubwa nyeusi yenye mitungi miwili mitupu ya maziwa. Ilikuwa ya mumewe, aliyewahi kuwa karani wa ghala la mahindi Kitale na sasa alikuwa amelala nyumbani kwa kiharusi. Kiti kilikuwa kimebaki kwenye urefu wa mume. Miguu ya mama haikufika kwenye pedali, kwa hiyo alikuwa akitembea na maziwa hadi Webuye, na hoteli iliyoyanunua ilikuwa imechoka kungoja.

"Wamesema nikichelewa tena kesho, watachukua kwa mtu mwingine," alisema. "Ni hao tu wananinunulia. Shusha kiti, fundi."

"Mama ni mfupi, bana," fundi mmoja akanong'ona, si kwa sauti ya chini ya kutosha.

"Mimi sio mfupi. Ni kiti ndio imerefuka!"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nati ilikuwa duara kama shanga.

"Nani ameishika na koleo?"

"Jirani. Alisema ati ni kazi kidogo."

"Huwa ni kazi kidogo."

"Si ukate tu? Mbona unaiangalia hivyo?"

Nilikuwa nimefuta kutu kwenye ncha ya bolti, nikaona mapigo matatu, yamekaa kama mafiga.

Nilitia dizeli, nikangoja nusu saa. Nikakwangua ncha iliyotanuka kwa tupa, nikachonga pande mbili bapa kwenye nati ili spana ndogo iishike. Ikateleza. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaanza kuikata nati kwa urefu wake, pole pole nisiguse fremu. Wembe wa kwanza ukavunjika. Wa pili ukavunjika. Wa tatu ulimaliza kazi saa saba, na hapo bomba la kiti nalo likawa limeganda ndani ya fremu. Tulikizungusha kiti kushoto na kulia hadi kikalia kama mlango mbovu, kikashuka vidole vinne, nikakikaza kwa bolti mpya. Mama akazunguka uwanja mara mbili bila kugusa chini.

"Sasa ponda ponda hapo mwisho," akasema aliposimama. "Wezi wa Webuye si mchezo."

"Hapana, mama. Weka baiskeli ndani."

"Yule wa Kitale aliponda vizuri sana! Mzee wangu bado anamsifu."

"Yule wa Kitale ni mimi."

"Basi mimi nalipia nini?"

Nimestaafu sasa, viganja vimechoka, na vijana hunijia wakiuliza dawa ya nati iliyoganda. Nawaambia ni dizeli na subira, wanaona ninawaficha siri. Wanataka nyundo. Ningekuwa na hasira nao zaidi kama nisingekumbuka swali la yule mama. Sikumtoza hata shilingi. Maziwa yake yalifika kesho yake saa moja kamili. Nyembe mbili za msumeno, shilingi mia mbili. Bolti mpya, arobaini. Ukitoa ishirini nilizopokea Kitale, hasara yangu ni shilingi mia mbili na ishirini.