Maji Yaliyokalishwa

Mama hakuwa na imani na mfereji. Mtu aliyezaliwa milimani kwa Wamatengo, ambako mashamba yamening'inia kama nguo zilizoanikwa, hawezi kuona maji yakikimbia akatulia. Maji yakikimbia yanaondoka na udongo, na udongo ukiondoka umeondoka na chakula. Kwa hiyo kwao huchimba ngolo. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, wanawake huzifukia kwa jembe zikawa matuta, na kati ya matuta hubaki shimo la kumfika mtu magotini. Mvua ikinyesha, mlima mzima unageuka vikombe. Maji hukaa humo, hunywewa na ardhi polepole, na maharage juu ya matuta hunenepa.

Lakini sisi hatukuishi milimani. Tuliishi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa watu wa baba, katika nyumba aliyoijenga babu kwa tofali mbichi kabla baba hajazaliwa. Ilikuwa na paa la nyasi na baraza pana, na barazani palikuwa na benchi lililokatwa kutoka ubavu wa mtumbwi wake uliochakaa. Ukikaa hapo asubuhi ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa, na mpaka leo nikifumba macho nasikia harufu ya usipa, dagaa wa ziwa letu, waliotandazwa mchangani kukauka. Niliipenda nyumba ile kuliko watu kadhaa niliowajua.

Nyuma yake palikuwa na mwinuko. Kila masika maji yalishuka pale yakapiga ukuta wa nyuma, ambao ulikuwa ukuta wa chumba cha Bibi, mama yake baba. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Nyumba aliijua kwa viganja: hapa pana ufa, hapa pana kigingi cha kutundikia kikapu, hapa geuka. Humo ndani alitembea kama mtu anayeona. Nje ya humo alihitaji kushikwa mkono, na kushikwa mkono kulimuudhi.

Baba, mwalimu wa shule ya misheni, alikuwa ameichoka nyumba ile. Kila masika kukandika, kila kiangazi kuezeka. Alitaka tofali za kuchoma na bati. Mwaka ule nikiwa darasa la nne, alitoa neno lake tukiwa tunakula.

"Masika haya yakiisha ukuta wa nyuma umesimama, sitaigusa nyumba hii mpaka mama yangu atakapoondoka duniani. Ukianguka, nabomoa yote, najenga kule juu karibu na shule."

Bibi alimega ugali wake wa muhogo akauviringa muda mrefu kuliko tonge lilivyohitaji.

Hapo ungedhani kazi ni nyepesi. Bibi aliitaka nyumba yake. Mama naye aliitaka, kwa sababu alinizalia humo, na kwa sababu baba alipomshusha kutoka milimani akiwa bibi arusi, asiyejua hata kuparua samaki, nyumba ile ndiyo iliyompa kivuli cha kujifichia vicheko. Wanawake wawili wenye nia moja, na ukuta mmoja. Hata sasa nikikumbuka nataka kuwashika mabega niwatikise.

"Mkwe wangu," alisema Bibi, "chimba mfereji hapo ubavuni, maji yaende ziwani kwa wenzake."

"Mama, kwetu maji hatuyafukuzi. Tunayakalisha."

"Yakalishwe, yamekuwa wageni?"

"Yakikaa hayapigi ukuta."

"Na yakichoka kukaa?"

Mama alikuwa na jibu lake, na lilikuwa lile lile siku zote. Zamani, yeye akiwa msichana, bwana shamba mmoja Mzungu alipanda mpaka shambani kwa baba yake na daftari na kamba. Akapima mashimo, urefu na kina, akatikisa kichwa kwa mshangao, akaandika. "Mzungu aliandika," Mama alisema. Kwake kesi ilikwisha pale. Nami niliyesoma kwenye madaftari niliona ni hoja nzito.

Tulichimba yeye na mimi. Kulaza nyasi ni kazi ya mwanaume, ila baba alisema hawezi kuonekana na wanafunzi wake akipanga majani nyuma ya nyumba kama anatega panya. Basi Mama akayapanga mwenyewe, amekunja uso, akanyoosha mistari kwa jicho, nami nikafuata na jembe. Shangazi, dada yake baba, alipita na beseni la usipa kichwani.

"Wifi, mnatuchimbia makaburi?"

"Ya wenye maneno mengi, wifi. Lako lile kubwa la mwisho."

"Nipanulie kidogo basi, nina makalio."

Alicheka mpaka akalishika beseni kwa mikono miwili. Mama pia alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Tulipanda maharage juu ya matuta, tukangoja mvua.

Ilikuja kubwa. Tulisimama mlango wa nyuma, Mama kanga kichwani, tukayaona maji yakishuka mwinuko na kutumbukia shimo baada ya shimo. Hata tone halikufika ukutani. Ilipokatika tulikwenda kuangalia, na mashimo yalikuwa matupu. Milimani maji hukaa siku mbili. Hapa hayakuwa yamekaa hata saa moja.

"Unaona?" Mama alisema, na uso wake uling'aa. "Yametulia."

Yametulia! Udongo wa kwao ni mwekundu na mzito, unayashika maji kama mama anavyoshika mtoto. Wetu ulikuwa mchanga. Mchanga haushiki kitu. Maji yalizama wima, yakakutana na udongo mgumu chini, yakateremka gizani yakielekea pale pale yalipokuwa yakielekea tangu enzi za babu, ila sasa hakuna aliyeyaona. Hakuna aliyeuliza yamekwenda wapi. Mama alihesabu utupu wa mashimo kuwa ushindi, na kila mvua iliyofuata ilimwongezea.

Siku moja baada ya shule Bibi aliniita chumbani. Aliniita mke mwenzake, kama bibi wanavyowatania wajukuu wa kike.

"Mke mwenzangu, njoo ushike hapa. Ukuta unatoka jasho."

Alikuwa amepiga magoti kitandani, kiganja chake kikiwa chini kabisa, karibu na sakafu.

"Nimemwambia baba yako, anasema ni uzee. Nimemwambia mama yako, anasema ni umande. Wewe una macho ya shule. Wewe ukisema watasikia."

Nilishika. Ukuta ulikuwa baridi na laini kama tumbo la chura. Nilipobonyeza, kidole kiliingia.

Nilijua. Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa mdogo. Nilijua pia kwamba nikisema, mashimo yatafukiwa siku ile ile, baba atatikisa kichwa, shangazi atapata wimbo wa mwaka mzima, na ule uso uliong'aa mlango wa nyuma utazimika. Nilijiambia labda utakauka.

"Mkavu, Bibi. Mikono yako ndiyo ya baridi."

Nikafuta kiganja changu kwenye kanga yake iliyokuwa karibu, nikatoka.

Ukuta ulianguka siku ya tatu, adhuhuri, jua likiwaka, mvua haipo. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwamba haukuangushwa na dhoruba hata tukapata cha kulaumu. Ulikaa chini tu, kama mtu aliyechoka kusimama. Tulisikia kishindo kizito, kama gunia la mahindi lililotupwa, kisha likaja vumbi lililolowa, kitu ambacho sikujua kama kipo. Bibi alikuwa barazani kwenye benchi la mtumbwi. Hakuumia. Alinyanyuka akapapasa ukuta wa ukumbi mpaka mlango wa chumba chake, akasimama. Upepo wa mwinuko ulimpiga usoni pale ambapo miaka yote palikuwa na ukuta.

Mama alifika akikimbia, jembe mkononi. Matope yalikuwa yametambaa mpaka juu ya godoro.

"Ulisema utayakalisha," Bibi alimwambia kwa upole. "Basi yamekaa. Yamekaa kitandani kwangu."

Shangazi, aliyekuwa mlangoni, hakucheka. Mama alifungua mdomo akasema, "Mzungu aliandika," kisha akaufunga.

Kiangazi hicho baba alibomoa yote. Benchi lilipasuka wakati wa kulihamisha, tukalifanya kuni. Nyumba mpya ilijengwa karibu na shule, tofali nyekundu, bati jipya, kuta zimenyooka kama mistari ya daftari. Kila mgeni aliisifu. Bibi alijigonga kwenye kila pembe yake. Alishikwa mkono kwenda uani, akashikwa mkono kurudi, na alipouliza dirisha liko wapi tulimjibu mara kumi kwa siku.

Na maharage yale yalistawi! Juu ya matuta yetu, nyuma ya mahali palipokuwa na nyumba, yalizaa kuliko maharage yoyote niliyowahi kuona ufukweni. Mama aliyavuna bila kumtazama mtu, akayapika siku baada ya siku, kila siku akiweka bakuli mbele ya Bibi.

"Haya yamekula nyumba yangu," Bibi aliniambia chini chini, "nami niyale?"

Alikuwa akimega ugali mtupu. Mchana mmoja nilimletea maji ya kunawa kama kawaida. Nilimnawisha, nikanawa na mimi. Nilipotaka kunyanyuka alinikamata mkono, nao ulikuwa bado unachuruzika. Akauvuta mapajani mwake, akauweka juu ya kanga, ile ile niliyofutia kiganja, akaufuta. Kiganja kwanza, kisha kidole kimoja kimoja, bila haraka, mpaka hapakubaki unyevu. Halafu akanirudishia.

"Mkavu," alisema.

Heri angenichapa, heri angemwita baba. Yeye alikuwa amekwisha kugeuza uso kule alikodhani dirisha liko, na hakukuwa na dirisha huko.

Kutoka jikoni Mama aliuliza kama Bibi amekula maharage.

Nilisema amekula.