Maji Ambayo Hamidu Hakuyanywa

Hamidu fundi mitumbwi hakukopa. Sukari ikiisha na mfuko ukiwa mtupu, alikunywa chai kavu akasema leo ulimi unapumzika. Sisi majirani zake, hapa Rumonge kando ya ziwa, tulimcheka, maana wote tunaishi kwa kukopeshana, leo mawese, kesho ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Yeye alisema hataki kulala kaburini akidaiwa.

Mtu kama huyo ndiye waliyemwandama kwa bili ya maji.

Mwaka ule ziwa lilipanda likatuingilia majumbani. Hamidu alikuwa na mtumbwi mpya uwanjani, bado haujapakwa rangi, akauteremsha na kutuhamisha mtaa mzima. Yeye alihama wa mwisho. Maji yalifika madirishani, mita ikazama, samaki wakapita sebuleni. Kisha ikaletwa bili ya maji ya bomba ya miezi hiyo hiyo! Akaikataa. Ziwa likarudi nyuma, nyumba ikakauka, bili ikazidi kuzaa faini, mpaka kampuni ya maji ikawapa kazi wakusanya madeni.

Walikuja wawili kwa pikipiki, tena saa ya chakula, wakipaza sauti ili mtaa usikie. Mmoja simjui na sitaki kumjua. Mwingine ni Faridi, mtoto wa Mama Asma, aliyekulia mlango wa tatu kutoka kwangu. Ndiyo maana walimchukua: anajua nani anaona haya na haya zake ziko wapi. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Dawa ya deni ni kulipa, muzee," alimwambia Hamidu mbele yangu.

"Ya deni, ndiyo. Ile fakitire ya maji ni uongo. Uongo iko na dawa gani?"

"Mita haisemi uongo."

"Basi uende uiulize ilikuwa inaogelea na nani."

Mimi nilicheka. Hamidu hakucheka. Sisemi walimuua, presha alikuwa nayo tangu zamani. Lakini kila pikipiki iliposimama njiani, mkono wake uliacha nyundo.

Siku ya mazishi yake jeneza lilikuwa uwanjani, na mwanawe Idi akasimama kusema linalosemwa siku zote: anayemdai marehemu aje aione familia. Mwenye adabu anajua maana yake. Unasubiri tuzike, kisha unakuja kimyakimya. Faridi alinyanyuka palepale, kanzu imepigwa pasi, akatoa karatasi mfukoni. Nilitaka kutema mate, nikakumbuka niko msibani.

"Samahani, wazee wangu. Marehemu iko na deni ya maji. Fakitire iko hapa."

Alijua anachofanya. Nani atabishana mbele ya maiti? Na sisi tunaamini roho ya mdaiwa haitulii mpaka alipiwe. Idi, machozi bado usoni, akaanza kutoa pesa za rambirambi. Akilipa, baba yake anazikwa kama mwongo aliyekana deni la haki. Asipolipa, watu watasema amemwachia baba yake mzigo kaburini.

"Idi, rudisha hizo pesa." Ilikuwa sauti ya Latifa, mjane, mlangoni walipokaa wanawake. "Faridi, mutoto wangu. Siku ziwa iliingia, ulitoka mu mutumbwi ya nani?"

Faridi akatazama chini. "Ya Baba Hamidu."

"Na mama yako?"

"Humo humo, mama."

"Basi shika jeneza uape. Sema mu ile nyumba kulikuwa mutu anafungua robine ya maji. Ukiapa, tunakulipa sasa hivi."

Nyuma ya Latifa, Mama Asma alijifunika uso kwa kanga. Faridi alisogea, mkono ukanyanyuka, ukarudi.

"Mimi nimetumwa tu," akasema, akaikunja karatasi.

Tukamswalia Hamidu, tukainua jeneza. Kwetu jeneza halibebwi na watu walewale mpaka mwisho. Anayetaka thawabu anakugusa bega, nawe unampisha, hata kama mna ugomvi wa miaka. Sijawahi kumnyima mtu nafasi hiyo.

Karibu na makaburi nikasikia mkono begani. Nikageuka. Alikuwa Faridi, macho mekundu, karatasi ikichungulia mfukoni mwa kanzu.

Sikumpisha.