Nyongeza ya Mama Mkwe

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa pwani aliyefungua duka Nkwenda enzi za Wajerumani, na hakuna mteja aliyepimiwa chumvi bila nyongeza. Kibaba kikijaa, aliongeza konzi moja juu, huku akicheka. Ndiyo maana watu walimpenda. Mimi hadi leo nikikumbuka kicheko kile nakasirika.

Mama yangu aliishi Isingiro. Aliposhikwa na homa ya kutetemeka, dukani kulikuwa na kopo la unga wa kwinini. Aliyemuuzia mume wangu alimwelekeza: ncha ya kisu kwa siku, siku saba, basi. Siku mbili nilimpa mama kipimo hicho. Siku ya tatu aliamka amelowa jasho, homa imeshuka, akaomba ndizi.

Nilirudi dukani kuchukua dawa ya siku zilizobaki. Mume wangu akachota kwa kijiko cha sukari, kikajaa hadi kikatuna.

"Mbona nyingi hivyo?" nikamuuliza.

"Mama mkwe nimpimie kwa ncha ya kisu kama mtu baki? Kidogo kimemwinua kitandani, hiki kitamrudisha shambani. Mpe kila siku kijiko kimoja."

Nikafurahi. Ndiyo, mimi! Nilijiona mke anayeheshimiwa. Nikafunga unga ule kwenye majani ya mgomba, nikampelekea.

Homa ilikuwa karibu kwisha. Hapakuwa na homa ya pili ya kuponya. Kilichozidi kikaenda masikioni. Mama akalalamika kwamba ana nyuki kichwani. Nikamwambia avumilie, dawa inapambana. Akatapika, nikampa tena. Siku ya nne ya kijiko nyuki wakanyamaza, na kila kitu kikanyamaza masikioni mwake.

Nilimfokea mume wangu mbele ya wateja. "Nilimpa kwa moyo mweupe," akasema, nao wakanishangaa mimi: mke gani huyu, anamtukana mtu mkarimu? Ukarimu gani! Dawa haijui mama mkwe wala mtu baki. Na mimi niliyeona kidogo kikimponya, ndimi niliyemtia kijiko kile mdomoni.

Mwaka uliofuata nilijifungua. Mama alikuja, akampakata mtoto, akautazama mdomo wake uliokuwa wazi. Kisha akaniuliza, kwa sauti kubwa mno, "Mwana wange, huyu analia au anapiga miayo?"